Kibweta Kilichofichwa Kando ya Reli ya Zamani

Sanduku la barua lijulikanalo na watu wote hukaa mahali pa wazi, mlangoni pa posta au penye njia panda. Limepakwa rangi ili lionekane toka mbali, na lina kufuli ili lisifunguliwe ila na mwenye ufunguo. Lakini katika nchi ya Uingereza yako masanduku ya barua ya namna nyingine kabisa. Hayana rangi ya kuonekana, wala kufuli, wala mlinzi. Yamefichwa chini ya mawe katika nyika isiyo na nyumba, na mtu atakaye kuyaona sharti ayatafute kwa akili yake na kwa miguu yake. Hata hivyo desturi hii imedumu kwa zaidi ya miaka 150, na masanduku yamezidi kuongezeka. Huenda msomaji akauliza: Kitu kisicho na kufuli wala mlinzi hudumuje? Habari hii italijibu swali hilo.

1. Chupa ya James Perrott

Upande wa kusini magharibi wa Uingereza liko jimbo liitwalo Devon, na katikati yake iko nyika ya juu iitwayo Dartmoor. Ukubwa wake wapata maili za mraba 368. Chini ya udongo wa nyika hiyo liko jiwe gumu sana, ndilo itale. Juu ya vilima vingi jiwe hilo limetokeza nje, likafanya miamba mikubwa iliyopandana, kana kwamba jitu liliipanga kwa mikono. Kilele cha namna hiyo wenyeji hukiita tor. Mabondeni maji hayapati njia ya kutoka upesi, kwa hiyo ardhi imekuwa kinamasi: juu ni majani mabichi yapendezayo macho, chini ni matope yawezayo kumshika ng'ombe asitoke. Tena ukungu hushuka ghafula huko, na mtu aliyekuwa akiona maili nyingi asubuhi, adhuhuri haoni hatua kumi mbele yake.

Zamani, katika kijiji cha Chagford kilicho ukingoni mwa nyika, alikaa mtu jina lake James Perrott. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni, maana alizijua njia za nyika kama mvuvi ajuavyo miamba ya bahari yake. Wageni wengi walitaka kufika mahali paitwapo Cranmere Pool, mbali kabisa na barabara, katikati ya vinamasi vya kaskazini. Jina hilo lataja kiziwa, lakini aendaye huko haoni kiziwa. Huona shimo pana la udongo mweusi tu. Watu hawakwenda kwa ajili ya uzuri wa mahali, bali kwa ajili ya ugumu wa safari. Aliyefika Cranmere alijiona ameshinda.

Lakini ushindi usio na ushahidi ni maneno matupu. Basi mwaka 1854 Perrott aliweka chupa mahali pale, ili kila mgeni afikaye atie ndani kadi yenye jina lake. Baadaye likawekwa sanduku badala ya chupa, na mwaka 1905 kikawekwa kitabu cha wageni, kila mtu aandike jina lake na siku aliyofika. Kisha ukaongezwa muhuri wa mpira, ili mgeni apate alama ya kurudi nayo nyumbani.

Ndipo ilipoanza desturi moja ya ajabu. Mgeni alifika na barua yake au kadi yake, imeandikwa anwani na kubandikwa stempu tayari, akaiacha sandukuni. Mtu afikaye baada yake, awaye yote, aliichukua barua ile, akashuka nayo mpaka mjini, akaitia posta. Naye akaacha yake ichukuliwe na mwingine. Pengine barua ilikaa siku nyingi kwa sababu ya mvua na ukungu, kisha ikaja kuchukuliwa. Mwandishi hakumjua mchukuzi, wala mchukuzi hakumjua mwandishi. Walakini barua zilifika. Kwa ajili ya desturi hiyo kitu hiki kiliitwa sanduku la barua, na jina hilo limebaki hata leo, ingawa vilivyo vingi ni vibweta vidogo tu vya kuchukulika mkononi.

Kwa miaka mingi masanduku yalikuwa machache mno. La pili liliwekwa mwaka 1894 penye kilele cha Belstone Tor. Mwaka 1938 liliwekwa la tatu, kusini mwa nyika penye Ducks' Pool, kwa kumbukumbu ya William Crossing, mwandishi aliyeitembea Dartmoor maisha yake yote na kuandika vitabu juu yake. Baada ya hapo watu wengi walianza kuficha vibweta vyao wenyewe, na siku hizi vyahesabiwa kwa maelfu.

2. Reli isiyo na gari

Si kila kibweta kiko katika kinamasi. Vingine vimefichwa karibu na njia zilizo nyepesi hata kwa watoto na wazee, na njia nyepesi kuliko zote ni ile ya reli ya zamani.

Katikati ya Dartmoor uko mji mdogo uitwao Princetown, ujulikanao kwa gereza lake la mawe lililojengwa kati ya mwaka 1806 na 1809, ili kuwafunga Wafaransa waliotekwa vitani. Mwaka 1823 ilifunguliwa reli ya kukokotwa na farasi, iliyoteremsha mawe ya itale kutoka nyikani na kupandisha makaa na chokaa. Mwaka 1883 njia hiyo, kwa sehemu kubwa, iligeuzwa ikawa reli ya gari la moshi, kutoka Yelverton hata Princetown. Stesheni ya Princetown ilikuwa juu ya bahari kwa zaidi ya futi 1,300, wala Uingereza haikuwa na stesheni nyingine ya juu kama hiyo.

Sasa na afikiri msomaji jinsi gari la moshi lipandavyo kilima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Haliwezi kupanda mahali pa wima kama mbuzi apandavyo. Kwa hiyo wajenzi wa reli huzunguka kilima badala ya kukipanda. Mahali palipoinuka hupachimba, na mahali palipoinama hupajaza tuta la udongo, hata njia yote ipande polepole. Ndiyo sababu reli ya Princetown ilikuwa na urefu wa maili 10 na zaidi, ingawa kunguru arukaye kutoka Yelverton hata Princetown hapati maili 6. Penye kilima cha King's Tor reli ilizunguka karibu pande zote za kilima kabla ya kuendelea.

Abiria walikuwa wachache. Mwaka 1936 kituo kidogo kilifunguliwa jangwani penye Ingra Tor, nacho kilikuwa na ubao ulioonya wasafiri wafunge mbwa wao kamba, kwa sababu ya nyoka. Mwaka 1956 reli ilifungwa. Vyuma viling'olewa, na mataruma yaliondolewa. Lakini tuta halikuondolewa, wala njia iliyochongwa mwambani haikuzibwa. Kazi ya mikono ya wale wachimbaji ilibaki pale pale, nayo leo ni njia ya watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli, na kwa farasi. Njia iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mzito sasa humsaidia mtu asiye na nguvu.

Kando ya njia hiyo, penye machimbo ya Swelltor, yamelala mawe 12 ya itale yaliyochongwa vizuri. Yalichongwa ili kusaidia kulipanua Daraja la London, mnamo mwaka 1903. Lakini hayo 12 hayakuchukuliwa, yakaachwa kando ya reli. Baadaye daraja lenyewe liliuzwa, likafunguliwa jiwe kwa jiwe, likasafirishwa hata Marekani. Na mwaka 1971 lilifunguliwa huko Arizona. Daraja limevuka bahari, na mawe yake bado yangali palepale, yakingoja gari lisilokuja.

3. Jinsi ya kusoma fumbo

Mtu afichaye kibweta huandika maneno ya kuwaongoza watafutaji. Maneno hayo ni kama kitendawili. Mtega kitendawili hasemi jambo lenyewe, wala hasemi uongo. Husema kweli iliyovikwa nguo, na msikilizaji aivue. Ndivyo lilivyo fumbo la kibweta. Kila neno lililomo ni la kweli na lina kazi yake, na mtu arukaye neno moja hupotea.

Fumbo la Dartmoor mara nyingi huwa na hesabu ya dira. Dira ina sindano ielekeayo kaskazini, na duara lake limegawanywa sehemu 360 ziitwazo digrii. Kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, na magharibi ni 270. Fumbo likisema, “Kilele fulani kiko digrii 330,” maana yake ni kwamba mtu asimamapo penye kibweta na kukitazama kilele hicho, dira yake itaonyesha 330, yaani kati ya magharibi na kaskazini, lakini karibu zaidi na kaskazini.

Kilele kimoja hakitoshi. Mtu aweza kusimama mahali pengi sana penye mstari mmoja, karibu na kilele au mbali nacho, na kila mahali dira yake isome 330. Lakini vikitajwa vilele viwili, mistari yao hukatana mahali pamoja tu, na hapo ndipo pa kutafuta. Mtu mwenye ramani aweza kuichora mistari hiyo kwa kalamu kabla hajatoka nyumbani.

Jambo la pili ni hatua. Fumbo likisema hatua 80, mtafutaji sharti aulize: Hatua za nani? Mtu mrefu na mtoto hawana hatua sawa. Kwa hiyo mtu mwenye busara hupima hatua yake mapema. Huchukua kamba ya futi 100, huinyoosha chini, hutembea kando yake kwa mwendo wake wa kawaida, na kuhesabu. Akihesabu hatua 50, basi hatua yake ni futi 2. Kipimo hicho hukiandika katika daftari yake, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Mfano wa watoto wawili

Ili jambo hili lifahamike, na afuate msomaji safari ya watoto wawili, mvulana na dada yake mkubwa, waliotoka Princetown pamoja na baba yao kwa njia ya reli ya zamani. Safari hii ni ya mfano tu, na fumbo lao pia ni la mfano. Lakini mahali pote palipotajwa papo, na mambo yote hutendeka hivyo. Fumbo lao lilikuwa hili:

“Anza penye kumi na wawili waliolikosa daraja. Elekea digrii 240, hatua 80 za mtu mzima. Hapo King's Tor iko digrii 330, na Ingra Tor iko digrii 200. Mtafute mzee alalaye chini ya blanketi la kijani; kitu chake kiko miguuni pake.”

Mvulana alisoma mara moja akataka kukimbia. Dada yake alisoma mara tatu. Alipofika neno la daraja, alikumbuka habari za yale mawe ya Daraja la London, akasema, “Kumi na wawili si watu, ni mawe.” Wakatembea kwa njia ya tuta, upepo ukiwapiga usoni na farasi wadogo wa nyika wakiwatazama, hata wakayakuta mawe 12 yamejipanga kando ya njia.

Hapo mvulana akashika dira, akaielekeza digrii 240, akaenda akihesabu kwa sauti. Katika hatua ya 80 alisimama. Palikuwa na majani tu. Alizunguka, akageuza kijiwe hiki na kile, akasema, “Kibweta kimeibiwa.”

Baba yao hakusema neno. Dada akafungua daftari yake, akasoma hatua za ndugu yake walizozipima nyumbani: futi 2. Za baba yao zilikuwa futi 2 na nusu, nazo ndizo hatua za mtu mzima. Akapiga hesabu juu ya goti lake. Hatua 80 za mtu mzima ni futi 200. Hatua 80 za ndugu yake ni futi 160. Basi zilipungua futi 40, ambazo kwa mvulana ni hatua 20 tena.

Mvulana akaona haya kidogo, akaongeza hatua 20 kwa digrii zile zile. Wakapima vilele viwili kwa dira: King's Tor 330, Ingra Tor 200. Mbele yao lilikuwako jiwe refu limelala kati ya mawe mengine, na juu yake kuvumwani ya kijani imelifunika kama blanketi. “Shikamoo, mzee,” mvulana akasema, nao wote wakacheka. Lakini kabla ya kutia mkono chini ya jiwe, baba yao alichukua fimbo, akapekua kwanza, maana nyoka wa Dartmoor hupenda kujificha penye mawe, nao wana sumu. Nyoka hakuwako. Upande wa miguu ya “mzee” kilitolewa kibweta chenye kifuniko cha kukaza.

Ndani yake mlikuwa na mfuko usiopitisha maji, na ndani ya mfuko muhuri mdogo uliochongwa kwa mkono, wenye picha ya gari la moshi, na kitabu kilichojaa alama za watu. Kila mtafutaji huchukua muhuri wake mwenyewe na daftari yake mwenyewe. Watoto walipiga muhuri wa kibweta katika daftari yao, kuwa ushahidi kwao. Wakapiga muhuri wao katika kitabu cha kibweta, kuwa ushahidi kwa wengine. Wakaandika siku ya mwezi. Walipofungua kurasa za nyuma waliona alama za watu wa miaka mingi, hata za mtu aliyefika siku ya theluji akiwa peke yake.

Walipokuwa wakisoma, baba yao aliinua kichwa. Kilele cha King's Tor hakikuonekana tena. Ukungu ulikuwa ukishuka.

“Twende upesi!” mvulana akasema, akakitupa kitabu kibwetani wazi, akataka kukisukuma chini ya jiwe bila kukifunga. Dada yake akamshika mkono. “Ngoja,” akasema. “Maji yakiingia usiku wa leo, alama zote hizi zitafutika. Wale waliotutangulia walifunga, ndiyo maana sisi tumesoma.” Mvulana akatazama ukungu, kisha akatazama kitabu. Akakirudisha mfukoni, akaukunja mfuko mara mbili, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote, akarudisha kibweta mahali pake, na lile jiwe dogo la kukificha akaliweka kama alivyolikuta.

Walipomaliza, hawakuona lolote ila weupe. Lakini baba hakuogopa. Alitazama dira, maana walikuja kwa digrii 240, na kurudi ni kutoa 180: zabaki 60. Waliifuata digrii 60 wakishikana mikono, mvulana akihesabu hatua zake 100 bila kuharakisha, na katika hatua ya 98 mguu wake ulikanyaga kokoto ngumu za reli ya zamani. Tangu hapo hawakuhitaji dira. Tuta halina matope, wala halina njia panda nyingi za kumdanganya mtu. Waliligeukia upande lipandako, nalo likawaongoza polepole hata Princetown, kama lilivyoyaongoza magari kwa miaka zaidi ya 70.

5. Sheria zisizo na askari

Vibweta vilipozidi kuwa vingi, ilionekana hatari ya namna nyingine. Dartmoor ina makumbusho mengi ya watu wa kale: makaburi ya mawe, na mawe yaliyosimamishwa kwa safu maelfu ya miaka iliyopita. Wako watafutaji waliogeuza mawe hayo bila kufikiri, na wafichaji walioweka vibweta katika kuta za watu. Basi zikakubaliwa sheria. Kibweta kisifichwe katika kaburi la kale wala katika jengo lolote la kale. Kisifichwe katika ukuta wala katika nyumba. Saruji isitumiwe kukishikiza. Mtafutaji asing'oe wala kuvunja kitu. Na lango alilolikuta limefungwa, alifunge.

Tena iko sehemu ya kaskazini ya nyika, pamoja na Cranmere Pool yenyewe, ambamo askari hufanya mazoezi ya kupiga risasi. Siku za mazoezi bendera nyekundu hupandishwa vilimani mchana, na taa nyekundu usiku. Aionaye bendera hiyo hurudi nyuma, hata kama kibweta chake kiko karibu kiasi gani.

Lakini sheria iliyo kubwa kuliko zote ndiyo ile iliyofuatwa na yule mvulana katika ukungu: Kiache kama ulivyokikuta, au kwa hali njema zaidi. Sheria hiyo haina askari wa kuishurutisha. Afunguaye kibweta nyikani yu peke yake. Akiiba muhuri, hapana amwonaye. Akiacha kifuniko wazi, hapana amkemeaye. Mtu mmoja mvivu aweza kuharibu kwa dakika moja alama zilizokusanywa na mamia ya watu kwa miaka 20. Hapo ndipo tabia ya mtu ijulikanapo, naye mwenyewe ndiye shahidi wa kwanza.

6. Mchezo wavuka bahari

Kama Daraja la London lilivyovuka bahari, desturi hii nayo ilivuka. Mwaka 1998 gazeti la Marekani liitwalo Smithsonian liliandika habari za masanduku ya Dartmoor. Wasomaji wengi walipendezwa, wakachonga mihuri yao kwa vipande vya raba ya kufutia, wakaanza kuficha vibweta katika nchi yao. Huko watafutaji hujipa majina ya mchezo, wakaandika hayo katika vitabu badala ya majina ya kuzaliwa.

Nao waliikuta nchi yao imejaa reli za zamani. Magari ya barabarani yalipoongezeka, makampuni ya reli yaliacha njia nyingi, na watu walizigeuza kuwa njia za miguu na baiskeli. Moja iliyotangulia ni ile ya Elroy hata Sparta, katika jimbo la Wisconsin, iliyofunguliwa mwaka 1967. Urefu wake ni maili 32, nayo hupita katika mashimo matatu yaliyotobolewa vilimani. Shimo refu kuliko yote lina futi 3,810, na mtu apitaye humo sharti awe na taa, maana giza lake ni la usiku wa manane hata wakati wa adhuhuri.

Njia za namna hiyo zafaa sana kwa mafumbo. Wajenzi wa reli waliacha alama zao kila mahali: nguzo za maili, madaraja ya chuma, majukwaa ya stesheni yaliyoota majani. Mfichaji husema, “Hesabu daraja la tatu,” au “Tafuta nguzo isemayo uongo, kwa kuwa mji iutajao haufikiwi tena na gari,” na mtafutaji huanza kuitazama njia kwa macho mapya. Mtu aliyeipita mara 20 bila kuona kitu, sasa ajua ni nani waliochimba, ni mzigo gani uliopita, na kwa nini njia imepinda hapa na kunyooka pale.

Mwaka 2000 ulizuka mchezo mwingine ulio ndugu wa huu, ambao mtafutaji huongozwa na chombo kipokeacho habari kutoka kwa nyota za chuma zizungukazo dunia. Ni mchezo mzuri, na wengi waucheza. Lakini wale wa dira na fumbo hawakuacha wao, kwa kuwa wapenda kufika kwa kufikiri.

Sasa swali la kwanza laweza kujibiwa. Vibweta hudumu bila kufuli kwa sababu kila afikaye huwa ni mlinzi kwa muda wa dakika chache, kisha humwachia mwingine zamu. Wachimbaji wa reli ya Princetown hawakuwajua watoto watakaotembea juu ya tuta lao. Aliyeitia barua posta kutoka Cranmere hakumjua aliyeiandika. Kila mmoja alifanya sehemu yake vizuri kwa ajili ya mtu asiyemwona. Na mtoto akazaye kifuniko huku ukungu ukimkaribia, ameingia katika safu yao, ingawa jina lake halijulikani na mtu, na alama yake ni muhuri mdogo tu, katika kitabu kilicho chini ya jiwe.